Mnara Unaonekana, Simu Haishiki: Safari ya Mawimbi ya Simu katika Kata za Mteremko wa Meru

Maandishi ya mada kuhusu huduma za mawasiliano, iliyoandaliwa kwa ajili ya mikutano ya wakazi wa kata



Wakazi wa kata zilizo juu ya Jiji la Arusha, kuanzia Ilboru na Moivo hadi Bangata na Sambasha, hawahitaji kuelezwa maana ya mtandao kupotea. Mtu huzungumza na ndugu yake akiwa barabarani, akateremka hatua mia moja kuelekea korongoni nyumbani kwake, na sauti ikakatika. Mchana jambo hilo ni kero tu. Usiku ni jambo jingine. Mama aliyeshikwa na uchungu anahitaji kupigiwa namba 115, ile isiyo na malipo ya mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga uitwao m-mama. Na kijana aliyetumwa kupiga simu hiyo hulazimika kwanza kupanda gizani mpaka mgongoni mwa kilima, penye mtandao. Gari la dharura haliwezi kuanza safari kabla kijana huyo hajafika juu.

Ukiangaliwa ramani ya mtandao, mahali hapo pamepakwa rangi. Kwa mujibu wa ramani, huduma ipo. Wengi huamini basi kwamba ramani imechorwa kwa hila. Ukweli ni kwamba ramani ya aina hiyo kwa kawaida haitokani na mtu aliyepita nyumba kwa nyumba akiwa na kipimo mkononi. Inatokana na hesabu, na hesabu hiyo ina mahali inapofanya kazi vizuri na mahali inapokosea. Mteremko wa Meru ni miongoni mwa mahali inapokosea, na sababu zake zinaweza kuelezwa bila kumpeleka mtu yeyote chuo cha uhandisi.

Mawimbi ya redio yanapotoka kwenye antena husambaa na kupungua nguvu kadiri yanavyokwenda mbali. Angani, pasipo kizuizi chochote, umbali ukiongezeka mara mbili nguvu hubaki robo. Kama dunia ingekuwa tambarare na tupu, kazi ya mhandisi ingekwisha kwa mstari mmoja wa hesabu. Lakini mjini mawimbi hugonga kuta, huruka juu ya mapaa, hurudishwa na mabati, na humezwa na matofali. Hakuna awezaye kukokotoa njia ya kila wimbi kati ya kila nyumba. Ndiyo maana Wajapani waliamua kupima kwanza, kisha kutafuta kanuni baadaye. Mhandisi Yoshihisa Okumura na wenzake walipima nguvu za mawimbi ndani ya Tokyo na viunga vyake, wakachapisha matokeo yao mwaka 1968 kwa michoro mingi. Mwaka 1980 Masaharu Hata aliigeuza michoro hiyo kuwa fomula fupi. Ingiza masafa, urefu wa mnara, urefu wa simu kutoka ardhini na umbali, nayo itakupa kiasi cha nguvu kitakachopotea njiani.

Fomula ya Hata imeenea dunia nzima, na si bure. Ni rahisi, na mahali pengi inakaribia ukweli. Inasema kwamba kwa mnara wenye antena mita 30 juu, umbali ukiongezeka mara mbili mjini, nguvu hubaki karibu sehemu moja ya kumi na moja, wala si robo. Lakini fomula hiyo ina mipaka iliyoandikwa wazi: antena iwe kati ya mita 30 na 200, umbali uwe kati ya kilomita 1 na 20, na zaidi ya yote, ardhi iwe karibu tambarare kama ile waliyoipima Okumura na wenzake. Haijui korongo. Haijui mgongo wa mlima. Kwa fomula hiyo peke yake, nyumba mbili zilizo kilomita tatu kutoka mnarani hupata nguvu ileile, hata kama moja imekaa kileleni na nyingine imejificha kando ya mto.

Jiji la Arusha liko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Meru, kisichozidi sana kilomita 15 kutoka katikati ya jiji, kinapita mita 4,500. Ardhi iliyo kati ya viwili hivyo haikupanda kama ngazi iliyonyooka. Mito kama Themi na Naura imeuchana mlima kwa maelfu ya miaka, ikaacha migongo na makorongo yanayoteremka kutoka juu kuja mjini kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Barabara nyingi za kupanda hufuata migongo. Nyumba zimejengwa migongoni, na kadiri watu walivyoongezeka, zimeteremka ubavuni na hatimaye makorongoni. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao 416,000 katika jiji. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu wapatao 617,000, na msongamano huo unaonekana pia katika kata za wilaya zinazolizunguka jiji.

Kwa nchi ya namna hii wahandisi huongeza katika hesabu ramani ya miinuko. Ramani hiyo nayo ina historia yake. Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima urefu wa ardhi kwa rada. Takwimu zake sasa hupatikana bure kwa nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, zikiwa zimegawanywa katika vipande vya mita 30 kwa mita 30. Programu ya kompyuta huchora mstari kutoka antena hadi kila kipande, ikatazama kama kuna mwinuko unaoukata mstari huo, kisha ikakata nguvu kulingana na kizuizi.

Kazi hiyo ni nzuri, na ndiyo inayoeleza kwa nini upande wa pili wa mlima, kule Ngarenanyuki, hakuna anayetegemea minara ya mjini: mlima mzima umesimama katikati. Lakini kipande cha mita 30 kina urefu mmoja tu. Korongo lenye upana wa mita 20, lenye kingo zilizosimama, halionekani ndani yake. Kingo na shimo huchanganywa, kikatolewa kimo cha wastani ambacho hakipo popote. Nyumba iliyo chini ya korongo huinuliwa juu na kompyuta, ikapewa mtandao ambao haijawahi kuuona. Zaidi ya hayo, rada ile haikufika ardhini penye miti mingi. Ilirudishwa na matawi, hivyo penye msitu kimo kilichoandikwa kimechanganyika na kimo cha miti. Na nyumba za ghorofa zilizojengwa baada ya mwaka 2000 hazimo kabisa.

Tatizo la pili ni la mawimbi yenyewe. Watu hudhani kwamba ukiuona mnara, njia iko wazi. Wimbi la redio halipiti kama uzi. Hupita kama mkungu wa ndizi, likiwa jembamba kwenye ncha na nene katikati. Kwa masafa ya megahezi 900, baina ya mnara na simu iliyo kilomita 4 mbali, unene huo katikati ya njia unafikia mita 18 kila upande wa mstari wa macho. Mgongo wa kilima ukiingia ndani ya mkungu huo, nguvu huanza kupungua kabla jicho halijazuiwa. Ukigusa tu mstari wa macho, robo tatu ya nguvu imekwisha kupotea. Jicho bado linaiona taa nyekundu ya mnara. Simu imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya haki yake.

Mgongo ukipanda zaidi, wimbi bado hujipinda kidogo na kuteremka upande wa pili, kama maji yanavyozunguka jiwe. Hapa masafa yana sauti kubwa. Mawimbi ya masafa ya chini, kama megahezi 900, hujipinda vizuri kuliko yale ya megahezi 1800 au 2100. Ndiyo sababu mkazi wa korongoni huweza kupiga simu ya kawaida na kupokea ujumbe wa maneno, ilhali intaneti inayopitia masafa ya juu inamkimbia. Simu yake si mbovu, na wala bando halijaibwa, ingawa tuhuma hiyo husikika mara nyingi.

Kuna kisa kingine ambacho wakazi wa juu ya minara hukutana nacho. Antena ya simu haimwagi mawimbi juu na chini kama balbu. Huyabana katika ukanda mwembamba, kwa kawaida usiozidi sana nyuzi 7 toka juu hadi chini, kisha huinamishwa kidogo kuelekea ardhini ili isivuruge minara ya mbali. Mjini huo ni utaratibu mzuri. Mlimani, nyumba iliyo mita 500 kutoka mnarani na mita 100 juu ya antena iko nyuzi 11 juu ya usawa wake, yaani nje ya ukanda kabisa. Mawimbi hupita chini ya kibaraza chake yakielekea mjini. Inawezekana pia kwamba mnara unaoonekana ni wa kampuni nyingine, au kwamba umezidiwa na wateja saa za jioni. Lakini hayo hujulikana upesi kwa kubadilisha laini au kujaribu alfajiri.

Kuhusu mvua, ambayo hulaumiwa sana wakati wa masika: matone yenyewe hayawezi kuyazuia mawimbi ya simu kwa kiasi cha kutajwa. Majani mabichi yaliyolowa, hasa penye migomba iliyosongamana na kahawa chini ya migrevilea, yanaweza kupunguza nguvu. Lakini mara nyingi kinachokatika mvua ikinyesha ni umeme wa mnara, au kiungo cha mawimbi mafupi kinachounganisha mnara mmoja na mwingine, ambacho kweli huumizwa na mvua kubwa kwa sababu hutumia masafa ya juu sana.

Hesabu yote hii ikikamilika, bado haitoi jibu la hakika, na wahandisi wanalijua hilo. Hata fomula iliyorekebishwa kwa vipimo vya mahali penyewe huweza kukosea kwa desibeli 8 hivi kwenye sehemu moja moja, maana yake nguvu halisi ikawa mara sita zaidi au mara sita pungufu ya ile iliyokadiriwa. Kwa hiyo hawasemi kwamba sehemu fulani ina mtandao. Husema kwamba eneo lina mtandao kwa asilimia 95, kwa mfano, yaani katika kila sehemu 20 huenda moja ikakosa.

Hapo ndipo penye jambo zito kwa mteremko huu. Katika nchi tambarare, sehemu hiyo moja kati ya 20 hutawanyika. Leo ni nyuma ya ghala hili, kesho ni chini ya mti ule. Mtu husogea hatua tatu akapata. Mlimani haitawanyiki. Hujikusanya makorongoni, kwenye nyumba zilezile, siku zote, mwaka hadi mwaka. Familia moja hukosa mtandao kwa asilimia 100 ili kata ihesabiwe kuwa nao kwa asilimia 95, na hakuna takwimu iliyosema uongo.

Nayo asilimia hiyo ina matokeo katika mgawo wa fedha. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku ya kujenga minara mahali ambapo biashara peke yake haivuti makampuni. Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Hesabu ya haraka inaonyesha karibu mnara mmoja kwa kata moja. Kwa kata iliyo tambarare, mmoja waweza kutosha. Kwa kata iliyokatwa na makorongo manne, mnara mmoja ukiwekwa kwenye mgongo usiofaa utahudumia mgongo huo na kuyaacha makorongo yote kama yalivyokuwa. Na kata iliyo jirani na jiji, ambayo nusu yake ya chini inapata mawimbi ya mjini, ni rahisi kuonekana haina shida.

Ndiyo maana mjadala wa mahali pa kujenga mnara hautakiwi kumalizwa kwa dakika tano mwishoni mwa mkutano. Mara nyingi hutolewa hoja kwamba mnara uwekwe juu kabisa, kwa kuwa aliye juu huona mbali. Kwa simu, kuona mbali ni kasoro pia. Mnara wa juu sana hutupa mawimbi hadi Njiro na Muriet ambako hayahitajiki, huku korongo lililo chini ya miguu yake likibaki kivulini. Kwa kawaida makorongo huhudumiwa vema na antena iliyo upande wa pili, kwenye mgongo unaotazamana nayo, au na milingoti mifupi miwili badala ya mrefu mmoja.

Hoja nyingine ni ya hofu ya mionzi, na mwananchi anayo haki ya kuuliza. Mawimbi ya minara hupimwa kwa viwango vilivyowekwa, na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye maabara zake Njiro hapa Arusha, ina wataalamu wa kazi hiyo. Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba simu nayo ni mtambo wa kutoa mawimbi. Ikiwa mbali na mnara, au nyuma ya kilima, huongeza nguvu hadi mwisho wa uwezo wake, nayo imeegemezwa sikioni. Kijiji kinachousukuma mnara uende mbali kwa hofu kinaweza kujiongezea kile kinachokikimbia, pamoja na betri kuisha upesi.

Kinachoweza kuisahihisha ramani ni vipimo. Makampuni hupima kwa kupita na gari lenye vifaa, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania hupima ubora wa huduma pia. Lakini gari hupita barabarani, na barabara, kama ilivyotajwa, iko mgongoni. Njia ya miguu inayoteremka kwa mzee aishiye kando ya mto haimo katika safari hiyo. Anayeijua ni yule anayeipita kila siku.

Kipimo chenyewe kimo mfukoni. Simu nyingi za kisasa huonyesha, ndani ya mipangilio, mahali penye taarifa za laini, namba yenye alama ya kutoa: pengine -75, pengine -108. Kadiri namba inavyoshuka ndivyo mawimbi yanavyofifia, na hushuka kwa kasi kuliko inavyoonekana. Kutoka -70 hadi -100 si pungufu ya theluthi moja. Ni nguvu pungufu mara 1,000. Vile vimistari vya juu ya kioo havifai kwa kazi hii, kwa maana kila mtengenezaji huvipanga apendavyo.

Namba hiyo hubadilika hata simu ikisogezwa shubiri moja, kwa sababu mawimbi yaliyorudishwa na kuta na mabati hukutana na kuuana au kuongezeana. Anayepima asimame nje ya nyumba, atembee hatua kumi taratibu, asome mara tano au sita, aandike wastani. Kisha aingie ndani afanye vilevile, kwa kuwa mabati na tofali hula sehemu kubwa, na tofauti ya nje na ndani ni habari yenye thamani. Aandike jina la kampuni, aina ya mtandao ulioonekana, tarehe, saa, na mahali, kwa jina la kitongoji na alama inayojulikana kama vile daraja, kisima au kanisa. Wapimaji wawili au watatu wenye laini tofauti wakipita pamoja, kazi ya kitongoji kizima humalizika kwa asubuhi moja. Sehemu zenye mtandao ziandikwe pia. Orodha ya malalamiko matupu haimsaidii mhandisi. Anachohitaji ni kuona mahali ambapo namba inaanguka ghafla, kwa kuwa hapo ndipo ukingo wa kivuli ulipo, na hapo ndipo fomula yake hurekebishwa.

Daftari hilo likifika kwa Afisa Mtendaji wa Kata na kujadiliwa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, linakuwa kumbukumbu rasmi inayoweza kuambatanishwa na barua kwa kampuni husika, na kampuni isiporidhisha, kwa ofisi ya Kanda ya Kaskazini ya Mamlaka ya Mawasiliano iliyoko Arusha. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano nalo lipo kwa ajili ya kuwasemea watumiaji. Na kampuni inapokuja kuomba kibali cha ujenzi, ikiwa na cheti cha mazingira na idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuhusu urefu wa mnara, wajumbe wanaweza kuomba kuona ramani ya makadirio kwa eneo lililopendekezwa, wakailinganisha na daftari lao, korongo kwa korongo, kabla ya kutia saini.

Vijiji vitakavyoanza kupima vianze na njia za miguu zinazoelekea kwenye nyumba zenye wajawazito, wazee na wagonjwa, kisha shule na zahanati, halafu sehemu nyingine. Vipimo vya kwanza vichukuliwe kabla ya masika, majani yakiwa machache, na vingine vichukuliwe palepale mvua zikishakolea, ili tofauti ya majira nayo iandikwe.